Tundu la Kwanza Lisilo na Uzi

Zamani, jioni ikiingia, Bibi alikuwa akipaza sauti toka jikoni, "Nguo za watu umeshona?" Mwanawe, fundi cherehani, alikuwa akinung'unika. Mkewe alikuwa akicheka.

Kisha ukaja ugonjwa wa koo. Madaktari waliokoa uhai wa Bibi. Sauti haikuokoka. Nyumba ikawa kimya. Bibi akitaka maji aligonga meza, na wajukuu walianza kumpita kama wanavyokipita kiti.

Hospitali walimwelekeza fundi kwenye programu ya bure inayosema maneno unayoyaandika. Lakini kompyuta yao ilikuwa kuukuu. Programu iliyokuja ikiwa tayari ilikataa kuingia. Ikabaki njia moja: kuchukua msimbo chanzo, yaani maandishi yanayotengeneza programu, na kuijenga humo humo nyumbani.

Fundi alijaribu. Makosa yakamiminika kwenye skrini. Alisoma mstari wa mwisho, akafuta kila kitu, akaanza upya. Kesho yake hivyo hivyo. Bibi akageukia ukuta.

Mkewe akamwita jirani yao, dada anayetengeneza kompyuta. Jirani akauliza kama walisoma faili la maelezo linalokuja na msimbo. Fundi akasema alidhani ni matangazo.

"Shemeji," jirani akasema, "uzi ukikatika, cherehani hufanya nini?"

"Huendelea kutoboa. Matundu matupu."

"Nawe hurudi kutazama tundu lipi?"

"La kwanza lisilo na uzi."

"Basi panda juu. Kosa la kwanza ndilo lililozaa hayo mengine."

Wakapanda. Kosa la kwanza lilisema maktaba ya sauti haipo. Maktaba ni kipande ambacho programu hukiazima ili ifanye kazi. Faili la maelezo lilikuwa limeitaja mwanzoni kabisa. Wakaiweka, wakajenga tena, na safari hii kazi ikafika mwisho.

Fundi akataka kuisakinisha papo hapo. Jirani akamzuia. Alisema waijaribu kwanza ndani ya folda ilimojengwa, kama mteja anavyojaribu nguo kabla ya kwenda nayo. Ikifaa, ndipo waandike nywila ya msimamizi, iingie kwenye kompyuta nzima.

Ikafaa.

Wakamwekea Bibi kibodi mapajani. Alikuwa amekonda sana, na ugonjwa ulikuwa bado haujamwacha. Alitafuta herufi moja moja. Kisha sauti kavu, isiyo yake, ikasema:

"Nguo za watu umeshona?"

Wajukuu wakaja mbio, wakasimama mbele yake.

"Bado, Mama," fundi akajibu. Hakunung'unika.