Kompyuta Haivai Baridi ya Mbinga

Juni, Mbinga mjini, hata mbuzi anatamani sweta. Bonifasia alifungua duka lake la kuchapa, akaondoa kitambaa cha maua juu ya kompyuta, akabonyeza swichi. Kimya. Pua ikanasa harufu ya kuungua.

Ilikuwa Alhamisi. Mitihani ya shule tatu ilitakiwa Jumatatu.

"Erasmo! Umeifanya nini mashine yangu?"

Mdogo wake, aliyetoka juzi kozi ya kompyuta, alikuna kichwa. "Nimeiongezea mwendo tu, dada. Prosesa ilikuwa megahezi mia tatu, nikaipeleka mia nne na hamsini."

"Nani alikutuma?"

"Kozini walisema hatari yake ni joto. Nikasema, kwa baridi hii ya kwetu Umatengo, joto litoke wapi?"

"Huko kozi ulikuwa unafagia?"

"Usigombe, dada. Ina waranti. Watatengeneza bure."

Wakaibeba na kitambaa chake juu hadi Songea, kwenye duka walikoinunua. Fundi Wendelin aliifungua, akaguna.

"Mama, prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta. Kiwandani wameipimia mwendo wake. Ukiikimbiza kupita hapo, inachemka. Na baridi itaingiaje, umeifunika kitambaa?"

Bonifasia alikificha kitambaa kwapani. "Na waranti?"

"Soma hapa."

Bonifasia akasoma karatasi ya waranti kwa sauti: waranti inakufa mteja akibadilisha mwendo wa prosesa.

"Kilichoharibika chenyewe tunatengeneza bure," alisema Wendelin. "Hii imeuawa."

Hasira zilimpanda Bonifasia hadi masikioni. Karatasi ile alikuwa nayo tangu Machi, aliponunua kompyuta. Hakuwahi kuisoma.

"Erasmo, redio yako inauzwa. Tununue prosesa."

"Dada!"

"Na mitihani utaipiga kwa taipu ya zamani."

Erasmo alipiga taipu siku tatu. Vidole vikavimba. Kila alipopumzika, dada yake alifoka: "Mbona polepole? Jiongezee mwendo!"

Jumatatu mitihani ilifika shuleni. Wiki ya pili prosesa mpya ikafungwa, ikaachwa na mwendo wake wa kiwandani. Safari hii karatasi ya waranti waliisoma yote, wakaibandika ukutani. Kitambaa kikahamia mezani.

Siku moja Mwalimu Ignatio aliingia. "Erasmo, kompyuta yetu mpya ya shule niongezee mwendo kidogo."

"Mwalimu, waranti yake umeisoma?"

"Bado. Lakini kwa baridi hii..."

"Baridi hii vaa sweta, mwalimu. Kompyuta iache."

Bonifasia alikuwa amenuna tangu Juni. Siku hiyo alicheka.