Mchezaji Asiye na Jina Kichwani

Mwalimu alikuwa jikoni akimenya vitunguu aliposikia kibodi ikilia sebuleni bila kupumzika, tatatata, kama mvua juu ya bati. Alidhani ni mkewe anamalizia barua za ofisini. Kisha mkewe akaingia kwa mlango wa nyuma, amebeba kapu la nguo. Sebuleni alikuwemo binti yao peke yake, na binti yao hakujua kuandika kwa kompyuta.

Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Shuleni walimwita Kidole, kwa sababu hicho ndicho alichotumia, kimoja tu, kikizunguka juu ya herufi kama kuku anayetafuta punje. Wala si yeye tu. Mwalimu alifundisha kompyuta shule hiyohiyo, na kila mwaka alipokea watoto waliokua na simu mkononi lakini hawajui faili linahifadhiwa wapi. Waliparaza kioo kwa kidole, kisha wakasema mashine imekufa. Naye subira hakuwa nayo hata ya kuazima. Mtoto akisitasita, alimnyang'anya kipanya akafanya mwenyewe, kengele ikalia, mtoto akatoka na ujinga wake uleule.

"Huwafundishi hao," mkewe alizoea kumtania. "Unajifundisha mwenyewe."

Kwa binti yake aliapa kwenda taratibu. Wiki tatu nyuma alimfungulia mchezo wa mtandaoni, ule wa kujichagulia mhusika na kutangatanga naye katika nchi ya kubuni, pamoja na watu usiowajua. Aliuchagua makusudi: hauna sauti, ukitaka kuongea lazima uandike. Kidole akachagua mpiga mishale, akamvika kofia nyekundu. Walicheka sana siku hiyo. Wachezaji wengine walipita mbio, kila mmoja na jina lake juu ya kichwa, isipokuwa mmoja aliyesimama langoni, ambaye juu yake hapakuwa na kitu. Akawasogelea, akaandika: "Mikono yako mizito. Nikusaidie?"

"Baba, nimjibu nini?"

"Mtu akijitolea kukusaidia, wewe unamjibu nini?"

Akaanza kutafuta. N. D. I. Kwenye Y akakwama, na Mwalimu, aliyekuwa ameikalia mikono yake ili isimponyoke, akamwambia, "Safu ya juu, katikati." Lilikuwa neno la kwanza ambalo mtoto aliliandika lote mwenyewe. Baba alimkumbatia kwa furaha.

Sasa alisimama mlangoni mwa sebule, kisu bado mkononi. Vidole vyote kumi vya binti yake vilikuwa vikikimbia. Mtoto hakutazama kibodi wala kioo, alitazama ukuta, na chumba kizima kilinuka nywele zilizoungua. Mwalimu akaweka kisu chini, akachomoa waya. Kioo kikazima, lakini vidole havikusimama, na alipoishika ile mikono aliikuta ya baridi, ikiendelea kumwandikia ndani ya viganja vyake, na hapo aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani.

Madaktari hawakuona kitu. Vidole viliandika juu ya meza, juu ya shuka, juu ya mgongo wa mama yake alipompakata, na kadiri vilivyoandika ndivyo mtoto alivyopungua, akaacha kucheka, akaacha kula asipolishwa, akaacha kuitika akiitwa, hadi siku ya kumi na mbili walipomleta mganga, mwanamke mfupi wa maneno machache aliyevua viatu mlangoni na kunusa hewa.

"Jini lililovamia ningelifukuza," alisema kwa sauti ya chini. "Hili liliomba likaruhusiwa. Aliyelikaribisha kwa mkono wake ndiye wa kuliaga kwa mkono wake. Aandike hapana, humohumo kwenye mchezo. Nitalishika kwa dua, lakini mara moja tu. Likinitoka, mimi sina tena la kufanya."

"Na asipoziona herufi?" mama akanong'ona.

"Mwelekezeni kwa mdomo. Asiguswe."

Wakawasha kompyuta alasiri hiyo, jua likiwaka dirishani. Yule mwenye kofia nyekundu alikuwa palepale langoni, na yule asiye na jina alikuwa ubavuni pake. Mganga akaanza dua. Vidole vikapunguza mwendo, vikanyamaza kimoja kimoja, kikabaki cha shahada mkono wa kulia, kile cha zamani, kikazunguka juu ya herufi.

H. Kisha A. Kisha P, baada ya muda mrefu mno. A tena. N.

"Baba," mtoto akasema, na ilikuwa sauti yake mwenyewe, "A imeenda wapi?"

"Kushoto, mama. Umeshaibonyeza mara mbili."

Kidole kikaenda kushoto, kikapita, kikarudi, kikapita tena, na jasho likamtiririka mganga na sauti yake ikaanza kukatika, na harufu ya nywele ikarudi ikijaza chumba, na mkono wa kushoto wa mtoto ukaanza kutikisika magotini pake, kidole cha kwanza, cha pili, cha tatu, na A ilikuwa pale, pale kabisa, na Mwalimu akakikamata kidole cha binti yake akakibonyezea A, kisha kitufe cha kutuma.

HAPANA, kioo kilisema.

Vidole vikatulia. Mama akaanza kulia kwa shukrani. Kisha chini ya neno lile likatokea jingine, bila haraka: "Huyu hajaniaga. Umeniaga wewe, na mimi si mgeni wako."

Mganga alikuwa ameshanyamaza. Alikuwa akitafuta viatu vyake.

Kidole akageuka akamtazama baba yake. Hakuwa na hasira.

"Ningeiona, baba," akasema.

Kisha macho yake yakarudi ukutani, na vidole vyote kumi vikashuka juu ya kibodi.