Kipimo Kilichoegemezwa Pasi

Asubuhi hiyo fundi cherehani alikuwa akipiga pasi gauni la mteja, jicho moja kwenye kazi, jingine kwa mumewe. Mume alikaa kitini, jasho linamtoka, mikono inatetemeka.

"Sukari imepanda tena," alisema mume. "Nipe sindano ya insulini ya kuishusha, mama watoto."

"Tupime kwanza."

Mke alichukua kipimo cha sukari pale mezani, akashtuka. Kioo kilikuwa cheusi tii. Kumbe kila alipoiweka pasi ya moto kando, ilikuwa ikiegemea kipimo. Akakibonyeza kioo kwa kidole gumba. Hakuna namba.

"Kisia tu," mume alinung'unika. "Dozi ya jana inatosha."

Mke hakukubali. Akamwita jirani yao, fundi saa waliyemzoea kwa jina la Miwani.

"Usikibonyeze, shemeji, utakimaliza," Miwani alisema alipoingia.

"Nimekiua?"

"Umekikaanga tu. Ndani ya kioo kuna kimiminika chenye chembe ndogo mno. Kikiwa na joto la kawaida, chembe hujipanga kuelekea upande mmoja, kama nyuzi za kitambaa chako. Mpangilio huo ndio unaoongoza mwanga, namba zikaonekana. Joto likizidi, chembe zinavurugika, kila moja na njia yake. Mwanga haupiti."

"Nikitie kwenye friji?"

"Hapana, kitaingia unyevu. Kiache kivulini kipoe. Na vijiti vya kupimia?"

"Viko kabatini, ndani ya kichupa chake."

"Hivyo ni salama, havikupata joto."

Wakasubiri. Mume alizidi kutetemeka. Sindano ilikuwa tayari mkononi mwa mke, naye hakujua aichome au aitupe. Taratibu weusi ukafifia kutoka pembeni, kioo kikang'aa. Miwani alikigusa, kilikuwa kimepoa kabisa. Wakapima.

Mbili nukta nane.

"Haijapanda," mke alisema. "Imeshuka."

Akaiweka sindano mbali, akamnywesha mumewe maji ya sukari. Baada ya robo saa wakapima tena. Namba ilikuwa imepanda na mikono imetulia.

Sasa kipimo kina rafu yake, mbali na pasi, jiko na jua. Kioo kisiposomeka, hakuna sindano. Na mume akitetemeka hivyo, hupewa maji ya sukari kwanza, kisha huenda zahanati.

Siku ile mume aliitazama sindano kwa muda mrefu.

"Mimi mwenyewe ndiye niliyeiomba," alisema.

Mke alimshika mkono, akalia.