Moto wa Friji ya Gunnlaug

Haya yalimkuta Oddvar, jirani yangu. Friji ya gari lake kuukuu la kulalia hutumia umeme au gesi, na kuiwasha kwa gesi lazima upige magoti, ubonyeze kiwashio, uchungulie moto kwenye kidirisha kidogo chini ya friji. Kazi hiyo alimwachia mkewe Gunnlaug, hata saratani ilipokuwa ikimla.

"Ngoja, Oddvar, mifupa inaniuma."

"Inama wewe, samaki wanaoza!"

Baada ya mazishi ya mkewe akaenda na gari hilo kuvua peke yake, karibu na mji wa Bodø. Giza lilipoingia, gesi ikaisha, akatoka kubadilisha mtungi. Mtungi mpya ungali mikononi mwake, haujaunganishwa, akasikia kiwashio mle garini: ta, ta, ta.

Akaingia. Kidirishani moto wa buluu ulikuwa unawaka. Zulia mbele ya friji lilikuwa limebonyea mahali pawili, pa magoti. Akapagusa. Palikuwa na joto.