Jiwe la Mzee Isom

Kwetu Pecan Bend, Texas, mwezi wa sita hakuna anayetulia. Tarehe kumi na tisa ndiyo siku yetu. Siku hiyo, mwaka 1865, watumwa wa Texas walitangaziwa kwamba wako huru. Kisheria walikuwa huru zaidi ya miaka miwili nyuma, ila mabwana walijikausha kimya. Ndiyo maana tunasherehekea kwa nguvu. Nyama inachomwa tangu alfajiri, soda ni nyekundu, keki ni nyekundu, kukumbuka damu ya waliotangulia, na tikiti maji usiseme.

Tukishakula, tunakwenda makaburini. Kila ukoo unasimama kwenye kaburi la mtu wake wa kwanza aliyeupata uhuru. Mkubwa wa ukoo analisoma jiwe kwa sauti.

Kwetu msomaji ni mama mkwe wangu, Lurleen Hadnot. Macho yake yamefifia sana, kwa hiyo anasoma kwa vidole. Jiwe la Mzee Isom, babu wa baba yake, ni la saruji. Watoto wa mzee walilitengeneza wenyewe, wakaandika kwa kijiti saruji ikiwa mbichi. Mama alikuwa akituambia kila siku kwamba mwaka huu, Mungu akipenda, atasoma tena.

Sasa mume wangu, Royce, akasema jiwe linatia aibu. Kweli lilikuwa limeota kuvu na kuwa jeusi. Siku mbili kabla ya sherehe akabeba klorini na brashi ya waya. Mimi nikabeba ndoo, na wala sikumpinga, maana nami napenda vitu vyeupe.

Alisugua pembeni kidogo tu. Mchanga ukaanza kudondoka kutoka kwenye jiwe.

"Royce, weka chini hiyo brashi."

Alikuwa Bi Ernestine Tolliver, jirani yetu, mkuu wa kamati ya makaburi. Huyo mama hapigi kelele, lakini utamsikia tu.

"Nalisafisha, Bi Ernestine," Royce akasema.

"Unalimaliza. Waya inakwangua herufi. Na klorini inanyonywa ndani ya saruji, inaila polepole. Mama yako atasoma nini?"

Royce aliweka brashi chini. Nilimwona akiliangalia lile jiwe, na nikajua amemfikiria mama yake. Hata mimi moyo uliniuma.

Bi Ernestine akatuonyesha. Kwanza tulilowesha jiwe kwa maji safi. Kisha tukachukua brashi laini, tukasugua taratibu kutoka chini kwenda juu, huku tukimwagia maji. Kuvu iliyokaidi tuliibandua kwa kijiti cha mbao. Alisema jiwe likibaki na weusi kidogo, tuliache hivyo hivyo. Lina haki ya kuonekana mzee.

Nikaanza kuokota vipande vya sahani na makombe ya baharini juu ya kaburi, nitupe.

"Wewe nawe," akanishika mkono. "Hizo si takataka. Waliomzika walimwachia. Rudisha pale pale ulipotoa."

Nikarudisha, uso umenishuka.

Siku ya sherehe watu walijaa, watoto kwa wazee. Ilipofika zamu yetu, Royce alimshika mama yake, akampigisha magoti polepole. Mama akapitisha kidole.

"Isom Hadnot," akasoma. "Amefariki 1911."

Kila mwaka huishia hapo. Safari hii kidole kiliendelea kushuka, pale tulipoibandua kuvu. Kwa macho sisi hatukuona kitu, saruji ilikuwa imelika mno. Mama akarudia mara mbili, tatu.

"Kuna maneno mengine huku," akasema. "Nyamazeni."

Tukasogea karibu wote.

"Si... mali... ya mtu."

Royce alifunika uso kwa kofia. Ile brashi ya waya ingepita hapo mara moja tu, maneno hayo yangekwisha, na tusingejua kama yaliwahi kuwepo. Mimi nililia bila haya, na nilijivunia kuolewa katika ukoo ule kuliko siku ya harusi yangu.

Mama akanyoosha mkono wake hewani. "Leteni watoto," akasema. "Mmoja mmoja. Waweke kidole hapa, wasome wenyewe."

Watoto wakapanga foleni hadi getini. Chakula kikapoa, na hakuna aliyelalamika.