Mzazi wa Saa Saba Mchana

Asubuhi hiyo mwanawe mchanga, Awil, hakulia. Alikunja uso, akafungua mdomo, mikono ikamtetemeka, lakini sauti haikutoka. Ramlo alimtazama, akatazama saa, kisha akavaa sare ya uuguzi iliyokaa sandukuni miaka minne.

"Arobaini yako bado siku saba," alisema mama yake, Abshiro, akifukiza ubani mlangoni. "Mzazi akitoka mapema, jini hupata njia kwa mtoto."

"Hooyo, nisiporipoti leo anapewa mwingine kazi. Niwaambie nini, nimezuiwa na jini?"

Akatoka.

Saa saba mchana, wenzake wa zahanati wakiwa kwenye swala, aliingia mwanamke mwenye uchungu, peke yake, joto lote lile na hana hata tone la jasho. Alinuka tope la mtoni. Ramlo akamlaza. Mikono ilikuwa imesahau kazi, glavu zilimdondoka mara mbili. Akaweka bomba la kusikilizia mapigo juu ya tumbo, akainamisha sikio.

Hakusikia moyo. Alisikia mtoto akilia, na kilio kile alikijua, ni Awil, wallahi ni Awil, analia humo ndani akitaka ziwa, na maziwa yakamtoka Ramlo yenyewe yakalowesha sare, na alipotaka kuinua kichwa sikio likawa halibanduki.

"Niliichukua sauti yake usiku, ulipokata shauri kutoka," mwanamke alinong'ona. "Nizalishe, abaayo, dada yangu, nami nitampa mwanao sauti."

"Miaka minne sijazalisha mtu! Nitakuua!"

"Mimi?" Akacheka. "Hebu jaribu."

Ramlo akapiga magoti, akisoma Ayatul Kursi, inampotea katikati, anaanza upya, inampotea tena, huku mikono inatafuta kichwa cha mtoto mahali baridi kama maji ya kisima, mpaka kitu kikateleza viganjani, kikalia mara moja kwa sauti nene ya kukwaruza, na hapo hapo kitanda kikawa kitupu, shuka kavu, viganja vyake havina kitu.

Simu ikaita.

"Amelia!" Abshiro alipaza sauti kwa furaha. "Alhamdulillahi, nimempakata hapa, msikie!"

Ramlo akasikiliza. Sauti ilikuwa nene, inakwaruza. Ni ile ile ya kitu alichokizalisha sasa hivi.

"Hooyo," alinong'ona, "mweke chini. Mweke chini polepole, halafu utoke."