Taa Zilizofika Salama

Saa moja na robo asubuhi, Jumatatu, mtunza stoo alifungua mlango wa stoo, akawasha taa, akabaki ameshika kitasa. Rafu ya plastiki ya vipovu, ile wanayofungia taa za vioo kabla ya kuzituma kwa wateja, ilikuwa tupu. Ijumaa jioni aliiacha na roli sita. Sasa chini ya dirisha ilisimama mirija sita ya karatasi ngumu, ile inayobaki roli ikiisha, imepangwa kwa adabu kabisa.

Kufuli lilikuwa zima. Ufunguo mmoja alilala nao yeye. Wa pili huning'inia ofisini, na Jumamosi watatu walikuja kazini nusu siku: dereva, dada wa usafi, na mfungaji mizigo, ambaye mtunza stoo ni binti yake.

"Huu ni mwezi wa tatu plastiki inapotea!" bosi alifoka alipofika. "Sawa, taa hazivunjiki tena njiani, hakuna mteja anayelalamika. Lakini plastiki inakula faida yote. Mimi nauza taa au nauza plastiki?"

Akaamuru mifuko ikaguliwe. Mkoba wa dada wa usafi ulipomiminwa mezani, vikadondoka vipande vya plastiki ya vipovu.

"Ni mabaki, bosi," dada alisema. "Nayaokota sakafuni. Kioo cha dirisha langu kimepasuka, naziba. Mtoto anakohoa."

"Za mwizi ni arobaini," bosi alijibu. "Kaa humu ofisini. Saa kumi nawaita polisi." Akamgeukia mtunza stoo. "Stoo ni yako. Niletee mwizi mwingine, au huyu ndiye."

Mtunza stoo alianza na dereva, waliyembandika jina Breki kwa sababu hana haraka na lolote.

"Nimeambiwa Jumamosi ulitoka na gunia limefura. Lilikuwa na nini?"

"Karatasi zilizochanwa. Za kuku."

"Kuku wako wanasoma?"

"Wanalalia, dada! Njoo uone." Alifungua nyuma ya gari. Gunia lilikuwepo, na kweli lilijaa karatasi tupu, na unyoya mmoja juu. "Mimi plastiki ya nini? Ila nikwambie, kikulacho ki nguoni mwako. Tena gari langu siku hizi linajaa upesi. Oda zilezile nilizokuwa nabeba kwa safari moja, sasa ni safari mbili. Maboksi yamenenepa."

Kisha mtunza stoo akaenda kwa baba yake na kikombe cha bati cha chai iliyotoka jikoni inachemka, amekishikia kwa ncha ya aproni. Wafanyakazi walimwita Mzee Taratibu, na binti hakumjua fundi mwingine duniani kabla ya huyu. Mama alipofariki, huyu ndiye aliyempikia, akamsuka nywele vibaya, akampeleka shule. Mzee alikipokea kikombe kwa viganja viwili, akakikumbatia, akapiga funda.

"Baba, huungui?"

"Chai ya leo imepoa, mama."

Vidole vitatu vilikuwa na plasta. "Kisu hiki kimenichoka," alisema alipoona anatazamwa.

"Jumamosi nani aliingia stoo?"

"Wote tuliingia."

"Na dada wa usafi, unamwonaje?"

Mzee aliutazama ukuta. "Ni mtu mwema yule," alisema, akarudi kwenye boksi lake.

Saa tisa ilipopita, mtunza stoo alirudi stoo akakaa mbele ya ile mirija. Mwizi wa roli huondoka na roli. Nani huyu aliyeikunjua plastiki yote humuhumu ndani, akaacha mirija? Aliinua macho kwenye rafu za maboksi matupu. Madogo yalikuwa yamejaa vumbi. Makubwa yalibaki mawili tu, ilhali taa zinazouzwa zaidi ni zile ndogo za mezani.

Alishusha boksi moja kubwa lililokuwa linasubiri gari, akalipasua. Plastiki. Chini ya plastiki, plastiki. Akakunjua, akakunjua, mpaka ikamlalia magotini kama shuka, na katikati akakuta taa ndogo isiyozidi ngumi. Kwenye tabaka la ndani palikuwa na doa la damu iliyokauka. Na ncha ya selotepu ilikuwa imekunjwa kisikio, ili mpokeaji aivute bila kuhangaika na kisu. Kisikio hicho alifundishwa yeye akiwa mtoto, kwenye meza ya nyumbani, na mtu mmoja tu.

Aliumia, na hakujidanganya kwamba haumii. Aliirudisha taa ndani, akafunga boksi, akalibandika upya. Angenyamaza, nani angejua? Ndipo akamsikia dada wa usafi ng'ambo ya ukuta mwembamba, akimwomba jirani kwa simu amchukulie mtoto, kwamba leo huenda asirudi.

Mtunza stoo aliing'oa selotepu.

Saa kumi kasoro dakika tano wote walikuwa ofisini. Aliliweka boksi mezani.

"Mwizi hayupo. Plastiki haikutoka kwa gunia wala kwa mkoba. Imetoka mlango wa mbele, ndani ya maboksi, miezi mitatu, na wateja wamepokea. Ndiyo maana maboksi makubwa yamekaribia kuisha. Ndiyo maana Breki anakwenda safari mbili. Ndiyo maana hakuna kilichovunjika."

"Nani?" bosi aliuliza.

Alimgeukia mzee. "Baba," alisema, "chai ya asubuhi ilikuwa inachemka."

Mzee Taratibu aliiweka mikono yake mezani, kando ya boksi.

"Vidole vimekufa, mama. Vilianza na ganzi, nikadhani baridi. Siku moja taa ikaniponyoka, nami nilidhani bado nimeishika. Tangu hapo kila taa naiviringishia plastiki ikiwa ingali mezani, mpaka inenepe, mpaka mikono hii isiweze kuidhuru."

"Kwa nini hukusema?" bosi aliuliza, ukali umemwisha.

"Ningesema mngenipa kiti nikae. Mke wangu tulimzika, kesho yake nikaja hapa. Asubuhi sina pengine pa kwenda."

"Na mimi, mzee?" Dada wa usafi alisimama. "Umenisikia nikilia tangu asubuhi."

"Nimekusikia. Nilitaka kusema. Mdomo ukagoma."

"Mimi nilikuwa nakuita baba."

Bosi alimrudishia dada mkoba wake, akamwomba radhi huku anatazama meza, akamwambia mzee aende hospitali kesho, kwamba habari ya kazi wataiongea. Kila aliyekuwa mle alielewa kwamba hakutakuwa na maongezi.

Binti alimfungua baba yake fundo la aproni. Wakatoka.

"Ungelifunga lile boksi, mama," mzee alisema njiani.

"Nililifunga, baba. Kisha nikalifungua."

"Ulifanya vizuri." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ningekuwa mimi nisingeweza."

Binti alilia bila kujificha, akamshika mkono, akaubana kwa nguvu zake zote. Walitembea hivyo, wakapita duka la kwanza, wakapita la pili. Walipofika kwenye kona mzee aliangalia chini ili asijikwae, akasimama.

"Kumbe umenishika," alisema.